Kikombe cha Kuonjea

Jumatano, 3 Septemba 2025

Leo nimepigiwa makofi. Mimi!

Kikundi chetu kinakutana kwenye chumba cha nyuma cha kituo cha afya. Viti vya plastiki vimepangwa duara, chai ya tangawizi iko kwenye chupa. Sisi wote ni watu wa pombe — tulioacha, tunaojaribu kuacha, na wale walioletwa na wake zao. Patricia, mwanasaikolojia wetu, mtu wa Bukavu mwenye sauti ya polepole, akaomba kila mmoja aseme jambo moja zuri la wiki. Zamu yangu ilipofika nikasema nimekamua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nimeiuza yote, na hakuna hata tone lililopita kooni mwangu.

Makofi! Baba mmoja mgeni akasema hajawahi kusikia mtu anayeacha pombe huku anaitengeneza. Patricia akasema, mnamwona mama Munezero, mikono iko ndani ya pombe na moyo uko nje. Nikainamisha kichwa kama bibi harusi.

Hakuna aliyeuliza nani anaonja. Patricia hawezi kuuliza, kwao walikuwa wanakunywa chai, desturi ya kuonja haijui. Nami sikusema.

Kuandika ni wazo lake. Alisema andikeni, hakuna atakayesoma, hata mimi sitaomba kuona. Basi naandika. Daftari nimelitoa kwenye mfuko wa shule wa mwanangu Munezero, lile la hesabu, lilikuwa bado jipya. Naona nimeanza kwa wizi.

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Niandike hilo la kuonja, halafu nipumue.

Kwetu pombe haipokelewi hivi hivi. Mwenye pombe anachota, anakunywa kwanza mbele ya mteja, mpaka mteja aone koo limeshuka. Ndipo mteja ananyoosha mkono. Ni heshima, na ni woga pia. Sumu inaongelewa sana huku; mtu akifa ghafla, kabla hajazikwa watu wameshanong'ona alikunywa wapi. Nilijifunza hivyo kwa mama yangu kule Masisi na sikuona ubaya wake. Nina kikombe changu cha kuonjea, cha bati, cha bluu, rangi imebanduka mdomoni. Nilikimbia nacho vita. Sufuria niliacha, kikombe nikabeba!

Pombe ilinikamata kupitia kikombe hicho. Mteja mmoja, funda moja. Tulipokuwa kambini Mugunga nikawa naonja hata mteja asipokuwepo. Baadaye nikawa naonja asubuhi, kabla ya uji. Mwishowe sikuita tena kuonja. Munezero alikuwa ananivua viatu, ananifunika, anatoka nje kuuza kilichobaki. Mtoto wa darasa la sita.

Nilipoacha, kazi nyingine sikuijua. Shamba liko Masisi, mimi niko Goma juu ya mawe ya volkano, hata kitunguu hakioti. Mume wangu Anastase yuko machimboni Walikale, anatuma kitu kwa mkono wa madereva, mara kinafika, mara hakifiki. Basi nikakamua ndizi tena. Mteja wa kwanza akaja, akakaa, akangoja nionje. Nimeshika kikombe, pombe inanimwagikia vidoleni. Munezero akakichukua mkononi mwangu. Akanywa. Akampa mteja.

Nilihisi nimeokolewa.

Baadaye nilijaribu kumweka jirani aonje badala yake. Wateja wakakataa kabisa. Jirani unaweza kumtilia sumu, walisema, mwanao huwezi. Lazima awe wa damu yako. Na damu yangu hapa Goma ni mmoja tu, ana miaka kumi na tano.

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Siku ya biashara. Wachuuzi wa soko la Birere wakifunga meza zao wanakuja huku kwangu kunyoosha miguu. Benchi zilijaa, wengine wakakaa juu ya mawe.

Muzee Twagirayezu alikuwepo, anauza maharagwe Birere, mtu wa kicheko kikubwa. Alishika kikombe chake juu na kutangaza, wote wasikie: "Mama Munezero, kwako nakunywaka bila woga. Mama mwenye anaonjesha mutoto wake, pombe yake iko safi." Wenzake wakaitikia. Na ni kweli, tangu Munezero aanze kuonja wateja wameongezeka. Aibu yangu imegeuka tangazo la biashara.

Twagirayezu akaniagiza. Tarehe ishirini na saba anapeleka mahari ya mwanawe kwa wakwe, anataka kasiksi ya kuwatosha watu wa pande zote mbili. Ndizi atazileta mwenyewe kutoka Rutshuru. Nikakubali haraka, kabla hajamfikiria mwingine.

Munezero leo alikuwa na furaha. Mashavu yanang'aa, anajibu utani wa wazee kwa utani, anazungusha jagi kama anacheza ngoma. Nikacheka naye. Ni lini mara ya mwisho nilimwona anacheka? Kambini hakucheka. Nilimtazama na kumshukuru Mungu, nikasema moyoni, ona, nimeacha pombe na mwanangu amepata furaha.

Kisha akataka kukaa kwenye kigoda akakikosa. Akaanguka chini, akacheka peke yake, muda mrefu. Wateja nao wakacheka. Mimi nilimaliza kuosha jagi ambalo lilikuwa safi tayari.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natafuta ujanja.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia Munezero, ukionja, ishike mdomoni, mteja akigeuka uiteme. Aliniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye mtoto.

"Mama, wanaangaliaka koo."

Kisha akaongeza taratibu, ananishika mkono ili nisijikwae kwenye mawe: "Usiogope. Ni funda tu."

Funda tu! Sentensi hiyo niliitunga mimi. Nilimwambia baba yake hivyo, nilimwambia mchungaji, nilimwambia yeye mwenyewe akiwa ameshika viatu vyangu. Na sasa anairudisha kwangu, imeoshwa na kupigwa pasi.

Mama yangu alipenda kusema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Alimaanisha mambo ya ndoa. Mimi mtungi wangu umejaa na kata ni mwanangu.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Kikundi. Patricia alituuliza uchungu unakaa wapi mwilini. Wengine walisema tumboni, mmoja akasema mabegani, kama amebeba gunia. Mimi nikasema kooni. Akauliza, ukiwa hapo unafanana na nini? Nikasema unafanana na kiu. Akaniambia asante kwa ukweli. Ukweli! Nusu yake, labda.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini yule baba mgeni alikuwa ananitazama kama sanamu ya kanisani, na mkewe alikuwa amemwambia mimi ni mfano. Ukishawekwa kuwa mfano, kushuka ni kazi. Nikauliza kama chai bado ipo.

Mlangoni wakati wa kutoka Laurence akanifuata. Laurence ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anaficha pombe za pakiti kwenye mkoba wa chaki. Mwembamba, macho hayakosi kitu. Kwao ni Rutshuru. Akaniuliza kwa sauti ndogo, bila ubaya wowote: "Kwako nani anaonjaka?"

Nikamwambia mama mkwe.

Mama mkwe alizikwa kabla Munezero hajaota meno. Laurence akasema, aa, sawa, mumusalimie. Nikamjibu zitafika. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na mimi nilipita njia nzima ya nyumbani nikiogopa asije siku moja kumsalimia mwenyewe.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Kiu. Sijui niandike nini kingine. Nimekoroga mtama uliokaangwa kwenye maji ya ndizi, harufu ikapanda, nikashika ukuta. Nikaenda nje nikakaa juu ya jiwe. Nikarudi. Nikaenda tena.

Sikunywa. Mchana Munezero alikunywa kwa ajili yangu kila mteja alipokuja.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Munezero amerudi kutoka shule, ametupa mfuko kitandani, na kabla ya kunisalimia ameuliza: "Leo wateja hawako?"

Hakuna, nikasema, pombe ya zamani imekwisha na hii bado changa. Akasema aa. Akakaa. Akasimama, akasema miguu imechoka. Akakaa tena. Nikampa viazi, akasema hana njaa. Akanifokea kwa sababu ya chumvi. Munezero hajawahi kunifokea, hata nilipostahili.

Nilienda kuchota maji. Foleni ilikuwa fupi, nikarudi mapema. Nyuma ya nyumba kuna pipa ninalochachulia, limefunikwa turubai letu la Mugunga. Turubai lilikuwa limekunjwa pembeni. Munezero ameinama, kikombe cha bluu mkononi.

Hakushtuka hata. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono na kusema: "Naangalia kama imeiva."

Maneno yangu! Hata mkono — alijifuta kwa mgongo wa mkono wa kushoto, kama mimi. Nilisimama na bidoni ya maji kichwani, maji yananichuruzikia shingoni. Nilitaka kumpiga. Ningempiga kwa lipi? Kwa kunisaidia?

Nikamwambia bado haijaiva. Nikafunika pipa. Nikamwomba anishushie bidoni, akanishushia, tukaendelea na kazi kama watu wa kawaida. Nimemwekea mwanangu ugonjwa wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na nilipigiwa makofi kwa hilo.

Jumatano, 17 Septemba 2025

Nimesema.

Haikuwa vizuri. Nilifikiri nitalia na watu watanipa kitambaa. Nilisema kwa hasira, kama ninagombana na kundi zima. Nikasema makofi yenu nayarudisha. Nikasema mama mkwe hayupo, alikufa. Anaonja mwanangu, na jana nimemkuta kwenye pipa.

Yule baba mgeni akaangalia viatu vyake. Laurence alibeba kiti chake, akakileta karibu na changu, akakaa. Hakunigusa. Namshukuru, maana angenigusa ningeondoka.

Patricia hakunihukumu, na hilo nalo liliniudhi. Aliuliza maswali ya mtu asiyejua: kwa nini lazima damu, kwa nini lazima ameze. Laurence akamweleza. Patricia akasema yeye alinisifu bila kuuliza, na kosa hilo ni lake, si langu kulibeba. Kisha akaniuliza Munezero amekunywa tangu asubuhi? Ameenda shule? Anaweza kuja hapa kuongea naye, peke yake, bila mimi? Nikasema sijui kama atakubali. Akasema basi tuanze na kitu kimoja tu: asiguse kikombe tena.

Hapo nikakumbuka mahari ya Twagirayezu.

Laurence akasema rudisha kazi hiyo leo leo. Ndizi bado hazijafika, nikamwambia, nitaenda kesho asubuhi.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Nilifika nyumbani kwa Twagirayezu, ndizi zimefika kabla yangu. Mikungu imelala uani, kijani, bado ina umande wa Rutshuru. Mkewe ananionyesha kwa fahari. Lori lilizuiwa njiani, likaachiwa, likazuiwa tena, lakini ndizi zimefika.

Nilimwomba muzee tuongee pembeni. Nikamwambia mimi nimeacha pombe, ni mgonjwa wa pombe, siwezi kuonja. Akasema anajua, mtaa mzima unajua, na wananiheshimu kwa hilo. Nikasema na mtoto pia haonji tena.

Akacheka kwanza. Alipoona sicheki akakuna kidevu. Wakwe zake ni watu wazito, akasema, bado hawajuani, na nyakati hizi nani anamwamini nani? Pombe ikifika bila mwenye kuionja watasema imebeba kitu. Harusi itavunjika juu ya meza. Kisha akanishika bega, kwa wema kabisa, kama mtu anayenitatulia shida.

"Leta tu ule mutoto, mama. Ule anaonjaka muzuri."

Anaonjaka muzuri. Alisema kama mtu anayesifu mwandiko.

Si mtu mbaya. Hata mmoja wao si mbaya. Ndiyo maana sijui nimkasirikie nani, hasira inazunguka na kurudi kwangu. Nikabeba ndizi. Ningefanya nini? Nilipakia mikungu kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikatembea nyuma yake hadi nyumbani.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Anastase alipiga simu, mtandao ulikubali kidogo. Akauliza bado hunywi? Nikasema sinywi. Akasema kule shimoni anawaambia wenzake mke wangu ni mwanamke wa chuma. Nikampa Munezero simu. Wakaongea shule, wakacheka. Nilingoja Munezero aseme. Hakusema. Ananilinda bado, na mimi nilisimama pale nikalindwa.

Jumatano, 24 Septemba 2025

Ndizi ziliiva vizuri ndani ya pipa, turubai limezifungia joto. Jana nimemenya, nimekamua kwa majani hadi viganja vikawaka, nimechuja, nimetia mtama. Munezero nilimtuma kwa Laurence akasaidiwe hesabu. Alirudi amenuna.

Leo kikundini nikatangaza nimepata njia. Nitaonja mimi. Funda moja, mbele ya wakwe, basi. Mimi ndiye niliyeharibu, mimi ndiye nitalipa. Mama anayempenda mwanawe anaingia motoni. Niliongea vizuri, nilijisikia kama shujaa. Wengine wakatikisa kichwa kukubali.

Patricia akaniuliza jambo moja. Ulipoamua hivyo, koo lilisema nini?

Koo lilifurahi. Nilipowaza tu, siku ya Jumapili, nikiwa nimelala na kulia kwa ajili ya mwanangu, koo lilifurahi kama mbwa aliyesikia sahani. Machozi yalikuwa ya kweli na furaha ilikuwa ya kweli. Kumbe hata majuto yangu yana kiu!

Nikamwambia hivyo. Akasema asante, na safari hii sikuchukia. Akauliza ukisimama pale ukasema tu ukweli, nini kitatokea? Nikasema nitamwaibisha Twagirayezu, wakwe wataondoka, na mtaa hautanunua kwangu tena. Hakusema hapana, haitakuwa hivyo. Aliniuliza kama nataka tuyatafute maneno pamoja, tukayatafuta. Nimeyaandika hapa: Pombe hii nimeikamua mimi. Ni safi. Mimi ni mgonjwa wa pombe, siionji, na mwanangu haonji. Asiyeamini asinywe.

Mafupi. Nimeyasema njiani, nimeyasema chooni. Kila mara naishia kwenye neno mgonjwa.

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Munezero amefua kitenge chake kizuri bila kuambiwa. Amekianika juu ya mawe, amekinyoosha, ameimba. Na kikombe cha bluu amekisugua kwa majivu hadi kinang'aa.

Nikamwita, nikamkalisha. Nikamwambia kesho hutaenda. Utakaa kwa Laurence, na Jumatatu tutaenda wote kuongea na Patricia. Nikamwambia ni kosa langu, wala si lako, nilikupa mzigo wangu na nikauita msaada. Niliyapanga maneno haya siku nyingi, nikamshika mikono.

Akasema nisijali, ameshazoea.

Nikasema hilo ndilo ninaloogopa. Hapo akaivuta mikono yake. Uso ulibadilika — niliujua uso ule, niliuona kwenye kioo cha Mugunga kila aliponifichia chupa. Alisema nani ataonja basi, mimi? Nianguke tena, anivue viatu tena? Alisema aliacha utoto wake ili mimi nisimame. Na sasa nimesimama namwambia yeye ndiye mgonjwa.

Nikasema Munezero, mwanangu, hukupaswa kuonja hata mara moja.

"Ni weye ulinipatiaka, mama."

Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayemkumbusha mwingine mahali alipoweka ufunguo. Kisha akaenda kugeuza kitenge upande wa pili kikauke.

Usiku nimelitafuta jibu kwenye sala.

Jumamosi, 27 Septemba 2025

Niko nyuma ya jiko la watu, nyumbani kwa wakwe wa Twagirayezu. Nimekaa kwenye mkeka, bidoni zimepangwa mbele yangu kama watoto wa shule. Hotuba zimeanza. Msemaji wa upande wetu anasema tumekuja kuomba ndama, msemaji wa upande wao anasema hapa hatuna ng'ombe, mmepotea njia. Watu wanacheka. Hizi hotuba zitachukua muda, na mikono inataka kazi, basi naandika.

Asubuhi nilimpeleka Munezero kwa Laurence. Alikwenda bila neno, kitenge kizuri kiko mwilini, na hilo lilinitia wasiwasi. Laurence akanifunga kilemba upya na kuniambia, ukifika kwenye neno gumu, nitazame mimi. Nikamwambia hutakuwepo. Akasema nitazame tu.

Pombe ni nzuri. Naijua kwa harufu, ni nzuri kuliko zote nilizokamua. Hilo nalo linaniuma, kwamba mikono yangu inajua kazi hii kuliko kazi nyingine yoyote.

Kikombe cha bluu kilikuwa juu ya bidoni ya kwanza. Nimeona mkono wangu unakisogeza, unakipanga, unakisogeza tena. Basi nikakichukua nikakiweka chini ya mkeka, halafu nikakikalia. Kama kuku na yai lake. Kinanichoma mfupani.

Twagirayezu amekuja kuchungulia, suti mpya, jasho. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema haji. Akaniangalia, akaangalia bidoni, akasema basi wewe mama, na akarudi mbio kwenye hotuba zake. Anaamini nitafanya. Au anaomba Mungu.

Naandika maneno tena nisisahau. Pombe hii nimeikamua mimi. Ni safi. Mimi ni mgonjwa

Munezero amefika.

Yuko kwenye mlango wa uani. Vumbi jeusi limempanda hadi magotini, ametembea njia nzima. Laurence yuko nyuma yake, ameshika ubavu, hana pumzi, ananitikisia kichwa kuniomba radhi. Munezero amepita katikati ya wapishi, amepiga magoti mbele yangu kama mtoto mwenye adabu, anatazama bidoni moja moja. Midomo imemkauka, anailamba. Anauliza kikombe kiko wapi.

Nimesema sijui.

Anaangalia chini ya bidoni. Anaangalia nyuma yangu. Kule mbele wamemaliza utani wa ng'ombe, nasikia makofi, nasikia Twagirayezu anasema sasa tunywe tuwe ndugu. Wanaita mwenye pombe aje aonje.

Nikisimama ataona kikombe. Nikibaki nimekaa, wote wataniona mimi.

Munezero amenyoosha mkono. Anasema mama, wanakuita. Namwambia nasikia. Anasema tena, safari hii kwa sauti ndogo, karibu kulia, mama, nipe. Bado nimekikalia. Laurence amesogea, amesimama mahali ninapoweza kumwona. Wanaita mara ya pili na viti vinaanza kugeuka huku. Namtazama Laurence, naweka kalamu chini, na bila kuinuka naanza kusema: pombe hii nimeikamua mimi.